Shajara ya Corolla ya 1993: kunyoosha mbele iliyopinda, Chake Chake

Januari 2025

Gari ni Toyota Corolla ya bodi ya AE100, lililotengenezwa mwaka 1993, lenye injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498 na gia za mkono. Lilikuwa la ami yangu. Mwishoni mwa mvua za vuli liliteleza kwenye mteremko karibu na Mtambile, likaacha barabara na kugonga mwembe kwa pembe ya mbele ya kushoto. Waliokuwemo walitoka wazima, Alhamdulillahi, na ami akawa ameshaafikiana na wanunuzi wa vyuma chakavu pale nilipomwomba aniachie mimi. Alinijibu kwamba gari lililokwisha kumbatia mwembe halifai ila kulaza kuku, kisha akanikabidhi ufunguo pamoja na kadi ya gari.

Hasara inayoonekana kwa macho ni hii: bonati limekunjika katikati, madigadi ya kushoto imerudi nyuma hadi kuuzuia mlango usifunguke, taa kubwa ya kushoto haipo, bampa limepasuka, rejeta imetobolewa na feni yake, na betri, ambayo katika gari hili hukaa upande huohuo wa kushoto, imepasuka na kumwaga tindikali yake juu ya bati na juu ya fungu la nyaya za umeme. Tindikali ndiyo niliyoishughulikia kwanza, kwa kuwa chuma kinaendelea kuliwa hata gari likiwa limesimama. Niliyeyusha magadi katika maji, nikayamwaga mahali pote palipoingia weupe, nikangoja mapovu yakome, kisha nikasuuza kwa maji mengi matamu na kurudia mpaka mapovu hayakutoka tena.

Nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja kwa nini nihangaike na gari la umri huu. Sababu ni kwamba gari hili ni sahili: halina mifuko ya hewa iliyofyatuka na kuhitaji kununuliwa upya, halina kamera wala vitambuzi ndani ya bampa, na spea zake zinapatikana Unguja na Dar es Salaam kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kuimudu kwa kidogo kidogo. Ila kukosa mifuko ya hewa kuna upande wake wa pili. Abiria wa gari hili wana mikanda yao, na wana namna chuma cha mbele kinavyojikunja wakati wa kugonga. Hawana kinga nyingine. Kwa hiyo mbele ya gari haina budi kurudi katika vipimo vyake, na pia katika ulaini wake wa asili, jambo ambalo nitalieleza tutakapofika kwenye kuchomelea, kwani hapo ndipo mimi na fundi wangu tulipopishana.

Kazi inafanyika katika banda la uani, Machomane, penye sakafu ya saruji.

Februari: vipimo

Corolla hii, kama magari madogo mengi ya rika lake, haina chesisi iliyo kando na bodi. Sakafu, vizingiti vya milango, ukuta unaotenganisha injini na abiria, vikombe vinavyoshika shokapu kwa juu na mihimili miwili ya mbele ambayo mafundi wetu huiita chesisi, vyote ni bati lililokunjwa na kuunganishwa likawa kitu kimoja. Pembe moja ikigongwa, nguvu husafiri ndani ya bati hilo na kutokea mahali ambapo mtu hapatarajii, ndiyo maana sikuruhusu nyundo iguse kitu chochote kabla ya vipimo.

Sina mashine ya kupimia bodi, na sidhani ipo Pemba nzima, lakini mafundi wa ujenzi wana vyombo vyote vinavyohitajika. Niliazima mpira wa maji, ule mrija mwangavu ambao waashi husawazishia misingi, nikautumia kulipandisha gari juu ya stendi nne hadi vizingiti vyote viwili vikawa katika usawa mmoja. Kisha nikachukua timazi na kuishusha kutoka kwenye matundu ya kiwandani yaliyo chini ya sakafu, kila tundu la kushoto pamoja na pacha wake wa kulia: mawili karibu na ekseli ya nyuma, mawili chini ya miguu ya dereva na abiria, mawili kwenye bolti za krosimemba (mhimili wa kukatisha ulio chini ya injini), na mawili kwenye ncha za mihimili ya mbele. Kila ncha ya timazi ilipotulia nilipiga alama ya msalaba kwenye saruji. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kuvuta tepu kati ya alama sakafuni, na hapo ndipo gari lilipoanza kusema ukweli.

Mishazari ya sehemu ya abiria ililingana kwa tofauti ya milimita 1, maana yake ni kwamba chumba cha abiria hakikupinda. Kama kingekuwa kimepinda, ningeufunga mradi siku hiyohiyo. Mbele ya ukuta wa injini mambo yalikuwa mengine. Ncha ya mhimili wa kushoto ilikuwa imerudi nyuma milimita 62 na kuegemea kulia milimita 38. Vikombe vya shokapu vilikuwa vimekaribiana kwa milimita 9. Umbali wa kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, ambao kiwandani ni milimita 2,465, ulikuwa 2,464 upande wa kulia na 2,451 upande wa kushoto.

Kipimo kilichonishughulisha zaidi ya vyote ni cha mhimili wa kulia, ule ambao haukuguswa na mwembe kabisa. Rangi yake haikuwa na ufa na bati lake lilikuwa laini kama jipya, hata hivyo ncha yake ilikuwa imesogea kulia milimita 11. Fremu ya rejeta ndiyo inayoifunga mihimili hiyo miwili pamoja, na ulioumia ulimsukuma mwenzake. Mtu anayenyoosha kwa jicho hunyoosha upande wa kushoto mpaka ulandane na wa kulia, na akimaliza huwa amelitengeneza gari lililopinda sawasawa pande mbili, lenye bonati linalofunga vizuri na matairi yanayolika upande mmoja. Magari ya namna hiyo tunayaona kila siku barabarani, yanatembea ubavu kama kaa, na wenyewe hulaumu matairi ya mtumba.

Mwishoni mwa Februari: kuvuta

Fundi bodi niliyemwomba msaada, mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi ambaye naye anaishi Machomane, alipofika alitaka tuanze kwa kukata kila kilichosagika ili tupate nafasi ya kufanyia kazi. Nilimwomba tusikate kwanza, naye alipotafakari akakubali mara moja: bati lililosagika ndilo mpini wa kuvutia. Ukishalikata, mnyororo hauna pa kushika ila kwenye chuma kizima, na nguvu haipiti tena katika njia iliyoingilia.

Gari lilifungwa sakafuni kwa vishikio vinne tulivyotengeneza kwa chuma cha pembe, vikabana mkunjo wa chini wa vizingiti na kushikiliwa na bolti zilizozikwa katika zege. Kwa upande wa kuvutia, jirani alipendekeza mnazi uliosimama mbele ya banda. Mnazi una nguvu za kutosha, lakini umesimama pale ulipoota, na bati linatakiwa kuvutwa kwa kufuata mstari uleule lilioingilia, kwa uelekeo wa kinyume. Tulisimika bomba nene la chuma ndani ya shimo la zege kwenye mstari huo, tukaliacha zege likomae, kisha tukafunga chenibloki, yaani winchi ya mnyororo inayovutwa kwa mkono, ya tani 2.

Hapa naandika kwa msisitizo kwa atakayesoma akitaka kuiga: mnyororo ukikatika ukiwa umekazwa unaua. Juu ya mnyororo wetu tulilaza magunia mazito yaliyolowa maji, watoto wote waliondolewa uani, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama kwenye mstari wa kuvutia wala nyuma ya bomba.

Utaratibu wenyewe ni wa polepole mno. Unavuta kidogo, unaacha mnyororo umekaza, unagonga taratibu kwa nyundo na kipande cha mti kando ya mikunjo ili bati lipunguze mkazo lilioushika, unalegeza, unapima. Chuma hurudi nyuma kidogo kila kinapolegezwa, hivyo lazima kivutwe kupita kipimo kwa milimita chache ili kitulie pale kinapotakiwa. Tulianza na kilichopinda mwisho, yaani kikombe cha shokapu na shina la mhimili, na ncha iliyopigwa kwanza tukaiacha mwisho. Fundi alikuwa na mtungi wa gesi tayari, na mara mbili aliunyooshea mkono. Mara zote mbili nilimwomba avumilie, kwa sababu mhimili uliotiwa moto mpaka ukawa mwekundu hupoteza ugumu wake mahali hapo, na hakuna wa kukuambia umepoteza kiasi gani.

Mpaka tunamaliza, vikombe vilikuwa ndani ya milimita 2 za kipimo, mhimili wa kulia umerudi mahali pake wenyewe baada ya fremu ya rejeta kuvutwa, na urefu wa kati ya magurudumu ukawa 2,464 na 2,463. Kiwango nilichojiwekea kilikuwa kutozidi milimita 3 kwa kila nukta. Kilichobaki ni ncha ya mhimili wa kushoto, kama sentimita 30 hivi, ambayo haikupinda tu bali ilikunjika mkunjo mkali hadi bati likachanika pembeni. Bati lililopinda hunyooka. Lililokunjika hivyo hukatwa.

Machi: Ramadhani

Kazi nzito imesimama. Nduguyangu aliyeko Dar es Salaam alikwenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta nozi, yaani ile sehemu nzima ya mbele inayokatwa Japani na kuletwa kama spea. Nilimpa maagizo mawili. La kwanza, asikubali nozi ya Sprinter, gari jingine la Toyota, kwa kuambiwa kwamba ni gari lilelile, kwani taa na bonati za Sprinter hazikai kwenye Corolla hata kama injini na sakafu ni ndugu. La pili, apime mshazari wa nozi yenyewe kabla ya kulipa, maana baadhi ya nozi hukatwa kutoka kwenye magari yaliyogongwa upande mwingine. Aliyoipata ni ya buluu, imenyooka, ina bonati, madigadi zote mbili, taa na fremu ya rejeta. Ilipanda meli na kushuka Mkoani wiki ya mwisho ya mfungo.

Aprili, Mfunguo Mosi: kuchomelea

Baada ya Idi tulirudi kazini, na hapa ndipo palipotokea mjadala nilioutaja mwanzo. Fundi alikuja na kipande cha chuma cha pembe chenye unene wa milimita 5, kizuri, kimekatwa kwa urefu wa mhimili, akanieleza kwamba tukikiingiza ndani ya mhimili na kukichomelea, “gari hili likigonga tena, mwembe ndio utakaong'oka.” Alikuwa anasema kwa nia njema, na lazima nikiri kwamba wateja wengi humshukuru kwa chuma hicho.

Nilimwonyesha vishimo na mikunjo midogo iliyopigwa kiwandani karibu na ncha ya mhimili wa nozi. Havikuwekwa kwa pambo. Hapo ndipo mhimili umeamriwa uanze kujikunja, mkunjo baada ya mkunjo, na kila mkunjo unakula sehemu ya mwendo wa gari kabla mwendo huo haujafika kwenye kifua cha dereva. Mwembe wa Mtambile ulisaga milimita 62 za mhimili, na milimita hizo ndizo zilizokiacha chumba cha abiria kikiwa sawa na dereva akashuka kwa miguu yake. Ukitia chuma cha pembe, mhimili hautajikunja tena. Utabaki mzima na kusukumwa mzimamzima hadi kwenye ukuta wa injini na miguu ya aliyekaa nyuma yake, na kile ambacho hakikuliwa na chuma kitaliwa na mwili. Tulizungumza muda mrefu, chai ikamiminwa na kunywewa. Hakusema kwamba nimemshinda, na sikutaka aseme. Alichukua chuma chake cha pembe akakitumia kutengeneza stendi ya kushikia mhimili mpya wakati wa kuchomelea, na kwa kazi hiyo kilifaa sana.

Ncha ya zamani iliondolewa kwa kutoboa nukta zilizochomelewa kiwandani kwa drili ya milimita 8, moja baada ya nyingine, badala ya kukatwa kwa grainda, ili bati la chini lisijeruhiwe. Mahali ambapo mhimili ulilazimika kukatwa katikati, tulikata upande wa nje na upande wa ndani kwa kupishana ili viungo viwili visikae kwenye mstari mmoja, mbali na vile vishimo vya kujikunjia, na ndani yake tukaweka kiunga kifupi cha bati lenye unene uleule wa mhimili ili kushika tu mwanzo wa kuchomelea. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa injini haikuguswa, na nimepiga picha kabla na baada ya kazi kwa ajili ya ukaguzi.

Mashine ya kuchomelea kwa vijiti haifai hapa. Bati hili ni jembamba na kijiti hulitoboa, na asiyetoboa huishia kupaka madonge juu juu ambayo hayajashika. Tuliazima mashine ya migi inayotumia waya mwembamba na gesi. Kabla ya kugusa gari, betri na altaneta vilikatwa waya ili umeme wa mashine usipite kwenye kompyuta ya injini. Kisha tukachomelea mabati mawili ya majaribio, tukayabana kwenye jiliwa na kuyachana kwa patasi: yakiachana kwa usafi, kazi haifai; yanapoachana kwa kung'oa tundu kwenye bati la chini, ndipo umejua kwamba moto umeingia. Majaribio ya jioni yaliachana kwa usafi na ya asubuhi yaling'oa tundu, mashine ikiwa ileile na mikono ileile, kwa sababu jioni mtaa mzima umewasha na nguvu ya umeme inashuka. Kazi yote ya mihimili ikafanyika kati ya asubuhi na adhuhuri.

Timazi ilishushwa tena kabla ya kuchomelea, ikiwa tumeshikiza kwa nukta chache tu, na tena baada ya kumaliza. Joto lilikuwa limeivuta ncha kwa milimita 1.

Mei: masika

Mvua hainyeshi, inamwagika. Kazi zote ni za chini ya paa.

Chuma kipya hakiwezi kusubiri rangi mpaka kiangazi katika hewa hii ya chumvi, kwa hiyo kila kiungo kilisuguliwa, kikasuuzwa kwa maji ya mvua, kikakaushwa na kupakwa praima ya zinki. Ndani ya mihimili, ambako brashi haifiki, nilipuliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kiwandani mpaka ikachuruzika chini.

Upande wa kushoto wa magurudumu, wishboni, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu, ilikuwa imepinda kwa kuonekana kwa jicho, na fimbo ya shokapu ilionekana imenyooka lakini ilipozungushwa kwa mkono ilikwama na kulegea kwa zamu, dalili ya kwamba imepinda ndani. Nilibadilisha wishboni, bolijointi, ncha ya tairodi (fimbo ya stelingi inayogeuza gurudumu) na beringi ya kushoto. Shokapu nilibadilisha zote mbili za mbele, kwa kuwa shokapu mpya na kuukuu kwenye ekseli moja haziendani. Mauntini ya gia boksi upande wa kushoto ilikuwa imekatika mpira. Mkanda wa usalama wa dereva nao umebadilishwa ingawa ulionekana mzima: mkanda uliokwisha kumshika mtu katika kugonga umeshanyumbuka.

Injini haikuumia. Mkanda wa taimingi uko upande wa kulia, mbali na pigo, lakini kwa kuwa haijulikani ulibadilishwa lini na mbele ya gari ilikuwa wazi, niliubadilisha pamoja na pampu ya maji. Rejeta ni mpya, na thamostati ni ile ya nyuzi 82. Kwa maji ya rejeta nilitumia maji ya mvua niliyokinga safi, nikayachanganya na kulanti. Visima vingi vya huku vina chumvichumvi, na watu hudhani kulanti ni dawa ya baridi ya Ulaya tu ilhali kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu ndani ya injini.

Juni

Upepo wa kusi umeingia na hewa imekauka.

Magurudumu yalipangwa kwa uzi. Stendi mbili mbele, mbili nyuma, nyuzi mbili zilizonyooshwa sambamba kwa kufuata magurudumu ya nyuma, kisha kipimo kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu ya mbele. Nimeyaweka yaelekee ndani kwa milimita 1. Mlalo wa kila gurudumu, yaani kiasi linavyoinama kuelekea ndani au nje, nilipima kwa timazi iliyoning'inizwa mbele ya rimu, na pande mbili zilitofautiana kwa chini ya milimita 2 kati ya juu na chini. Katika gari hili kiwanda hakikuacha nafasi kubwa ya kurekebisha mlalo huo, kwa hiyo ulinganifu huu ni matunda ya mnyororo wa Februari. Bodi isingekuwa imenyooka, hakuna spana ambayo ingeuleta. Nati za magurudumu zimekazwa kwa nyutonimita 103.

Julai: rangi

Rangi ya kiwanda ni nyeupe ya namba 040, isiyo na chembe za kung'aa, na hiyo ni rehema kwa anayepaka uani, kwa sababu tofauti ndogo haionekani kati ya paneli na paneli.

Puti niliyokubali ni nyembamba, isiyozidi milimita 3 popote. Paneli zilitoka kwenye nozi ya buluu zikiwa nzima, kwa hiyo puti ilihitajika kwenye makali ya mlango wa kushoto tu. Msasa ulikwenda 180, 320 na 600, na kabla ya kila hatua kila kitu kilioshwa kwa maji matamu. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na baada ya miezi michache malengelenge huota hata kama rangi ni ya bei ghali.

Kikwazo kilichotuchelewesha hakikuwa cha ufundi. Jirani alikuwa ameanza kuchuma, na karafuu zake zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi upande wa upepo uendako. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) hununua karafuu kwa madaraja, na karafuu iliyonuka tina ya kupunguzia rangi au kuangukiwa na vumbi la rangi haina daraja. Nilikwenda kuzungumza naye kabla ya kuchanganya chochote. Tulikubaliana kwamba nipulizie rangi siku ambayo karafuu zake zitakuwa zimekwisha kukauka na kuingizwa ndani ya magunia, na banda langu nikalizungushia maturubai mapya hata hivyo.

Siku yenyewe tulianza umande ulipokwisha na tukamaliza kabla ya alasiri. Rangi yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha, si ya kupulizia kwa kufunga kitambaa puani kama tunavyoona mitaani. Mvuke wake huharibu mapafu, na barakoa inayofaa hasa ni ile inayopelekewa hewa safi kwa mrija; mimi nilivaa yenye vichujio vya mkaa. Hicho ndicho kitu pekee cha mradi huu nilichokinunua bila hata kuuliza bei ya mtumba.

Agosti: barabarani

Jaribio la kwanza halikuhitaji barabara. Nilimwaga maji kwenye saruji, nikaliendesha gari polepole juu yake hadi kwenye sehemu kavu, na nyayo za matairi ya nyuma zikaangukia ndani ya nyayo za mbele kwa upana unaolingana kushoto na kulia.

Jaribio la pili lilikuwa kwenye kipande kilichonyooka karibu na uwanja wa Gombani, alfajiri. Stelingi ikiachiwa, gari linaegemea kushoto kidogo sana, na hilo ni la barabara yenyewe, ambayo imelazwa kuelekea ukingoni ili maji yatiririke. Nilipogeuza na kurudi, liliegemea kushoto kwa kiasi kilekile.  Breki hazivuti upande wowote. Halijoto imetulia katikati ya kipimo hata kwenye vilima vya njia ya Mkoani.

Mkaguzi aliangalia viungo vya mihimili kwa tochi kwa muda mrefu, akaomba picha za kuchomelea, akazitazama zote, na akauliza chuma cha kuimarisha kiko wapi. Nilimweleza nilivyomweleza fundi. Cheti kimetoka.

Baada ya safari za kutosha za Wete na Mkoani nimepima kina cha mifereji ya matairi ya mbele katika ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje. Tairi la kulia halina tofauti inayopimika. La kushoto limelika nje zaidi kwa kiasi cha nusu milimita, na nitalipima tena kabla ya kugusa tairodi, kwa kuwa kona nyingi za njia ya Mkoani nimekuwa nikizichukua nikiwa nimepakia upande mmoja.

Kilichobaki ni mfumo wa baridi. Kondensa imefungwa mahali pake lakini mabomba yalikaa wazi miezi kadhaa, unyevu umeingia, na chupa ya kukaushia gesi lazima ibadilishwe kabla ya kujaza. Hilo litangoja mpaka chupa ipatikane Unguja, na mpaka wakati huo vioo vinateremshwa.